Kurusha intaneti Msangamkuu: anza na kebo na ethi, redio baadaye

Mkuu, swali lako nimelisoma. Una faiba Mtwara mjini, unataka kuivusha hadi Msangamkuu, ng'ambo ya maji, kwa ajili ya shule na nyumba ya wageni, na mwenye mnara upande wa mjini amekubali ufunge redio yako (kifaa cha kurusha na kupokea intaneti hewani) kwake. Mdau mmoja hapo juu amekushauri ununue redio kubwa kuliko zote ili umalize kazi mara moja. Sikubaliani naye. Kwa umbali huo wa kilomita chache, redio ya kawaida ya 5 GHz inatosha na chenji inabaki. Kazi hizi nimezifanya huku pwani na kule juu Newala, na ninavyokuta vimeua mitambo ni vitu vya bei ndogo: kebo, klampu, waya wa ethi (ule unaopeleka umeme wa radi ardhini). Pesa yako ianzie hapo.

Kebo kwanza. Nyingi za bei rahisi huuzwa kwa jina la shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukiwa dukani omba kisu, kwangua uzi mmoja; ukiona weupe chini ya wekundu, iache. Redio yako inapata umeme kupitia kebo hiyohiyo inayobeba data, na alumini inapoteza umeme mwingi njiani kuliko shaba. Ukishapanda mita 50 au 60, redio inazima na kuwaka usiku kucha halafu lawama zote anabeba mwenye faiba. Chukua kebo ya nje, ganda jeusi linalovumilia jua, yenye foili ndani na waya wake wa kutolea chaji. Kutoka swichi ya mtandao hadi redio usizidishe mita 100.

Halafu maji. Yanapenya kwenye kitundu ambacho hata hukioni, yanateremka ndani ya ganda la kebo na kutokea chini kabisa, kwenye adapta ya umeme. Kuna kebo niliichomoa kwenye adapta iliyoungua, pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani, mbili zimeliwa hadi hazipo, na redio huko juu ilikuwa nzima. Fundi aliyetangulia alishauri wabadilishe redio! Kwa hiyo kebo iingie kwenye redio kwa chini, na kabla ya tundu iache ining'inie kidogo ili matone yadondoke kabla hayajafika kwenye plagi. Fanya vivyo hivyo inapoingia ndani ya jengo. Ule mpira wa kuzibia uliokuja na redio usiutupe eti plagi haipiti. Pitisha kebo kwanza, plagi uibane baadaye. Tepu nyeusi ya umeme peke yake haisaidii, gundi inayeyuka kwa jua la huku. Tangulia na tepu ya mpira inayoshikana yenyewe, kisha hiyo nyeusi iwe juu yake.

Kwenye klampu wengi wanapigwa. Zile za mkanda, mnazofungia mipira ya maji, mkanda wake unaweza kuwa wa chuma kisichoshika kutu kabisa, lakini skrubu ni chuma cha kawaida. Kwa chumvi ya Mtwara skrubu inaoza, mkanda unabaki unang'aa bila kushika kitu. Kagua skrubu, usiangalie mkanda tu. Kwa dishi tumia bolti zilizopakwa zinki kwa kuchovywa, nati mbili kila bolti, na grisi kwenye nyuzi. Vibana-kebo vya plastiki viwe vyeusi vya nje. Vyeupe vinakatika kwa jua, kebo inaanza kupigapiga nguzo.

Usidharau upepo. Dishi la kipenyo cha sentimita 60 likipigwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa linasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 18, na kusi ikianza inasukuma miezi mfululizo. Dishi hilo likigeuka nyuzi 3 tu umepoteza kama nusu ya nguvu ya mawimbi.

Kabla hujapanda, kokotoa. Njia ya kilomita 3 kwa 5.8 GHz inapoteza kama desibeli 117. Ukirusha kwa dBm 15 na antena za desibeli 23 pande zote mbili, utegemee kupokea karibu na dBm -56 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri hasi inavyokuwa kubwa ndivyo yalivyo dhaifu). Ukipata -70 na intaneti "inafanya kazi", usishuke. Hapo mara nyingi umeshika tawi la pembeni la antena, yaani mawimbi dhaifu yanayotoka ubavuni, badala ya lile kuu, na huna akiba siku mawimbi yakipungua. Zungusha dishi taratibu kushoto hadi mawimbi yapungue, yapande tena, yapungue tena, halafu kulia, halafu juu na chini. Kilele kikubwa kuliko vyote ndicho chako.

Njia yako inapita juu ya maji, na hapa ndipo Msangamkuu inatofautiana na kurusha mjini kwa mjini. Mawimbi yanafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda juu ya uso wa bahari. Zikigongana vibaya zinauana. Wakati wa bamvua bahari ya hapa inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo sehemu ya kudundia inahama kila saa. Utaona mtandao safi asubuhi, mbovu saa nane, safi tena jioni, na kesho yake saa zimesogea. Mteja anasema ni mzimu. Andika kiwango cha mawimbi kwa siku nzima, ukilinganisha na jedwali la maji kupwa na kujaa; vikienda pamoja umeshapata jibu. Dawa ni kusogeza antena ya upande mmoja juu au chini mita moja au mbili, au kuirudisha nyuma kutoka ufukweni ili paa la jengo lizuie ile njia ya kudunda bila kugusa njia ya moja kwa moja. Hiyo ya moja kwa moja nayo inataka nafasi: kwa kilomita 3, katikati ya njia acha karibu mita 4 tupu kuizunguka. Minazi ihesabu na urefu itakaoongeza.

Radi sasa. Pwani inasumbua, ila Newala na Tandahimba huko juu ya uwanda wa Wamakonde ndiko inakotisha zaidi. Kosa ninalolikuta sana ni mnara una ethi yake, jengo lina ethi yake, na hazijaunganishwa. Radi ikipiga hata jirani, ethi hizo mbili zinakuwa na volti tofauti, na njia pekee kati yake ni kebo yako ya data. Swichi inakufa, rauta inakufa, kompyuta ya mhasibu inafuata. Mnara, vifaa vya kukinga mshtuko wa umeme (kimoja juu, kimoja mlangoni) na ethi ya jengo vyote viunganishwe pamoja. Udongo wa kichanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo moja ya ethi iliyopigwa ardhini haitoshi. Piga kadhaa, kila moja iwe mbali na mwenzake angalau kwa urefu wa nondo yenyewe, halafu pima. Chini ya omu 10 ndiyo nzuri. Wanaokuambia umwagie chumvi shimoni, waambie chumvi itasombwa na mvua baada ya kula nondo yako. Na shaba iliyo wazi itaibwa. Nondo za chuma zilizovikwa shaba hazina soko kubwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Anayefunga kwa ajili ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko korosho, msimu wa kupuliza salfa afunge boksi kisawasawa. Salfa na shaba hawaelewani, shaba inakuwa nyeusi na miunganisho inalegea.

Kupanda: mkanda wa mwili mzima wenye kamba mbili, moja iwe imeshika muda wote. Usisimame mbele ya antena za kampuni ya simu zikiwa zinarusha; mwombe mwenye mnara azizime au apunguze nguvu. Chungulia nyigu kabla hujatia mkono nyuma ya dishi. Wingu likianza kunguruma, shuka.

Kwenye mipangilio, badilisha nywila ya kiwandani ukiwa bado mezani. Mwaka 2016 kirusi kilisambaa kwenye redio za kampuni ya Ubiquiti duniani kikiingilia tundu la usalama kwenye programu ambalo lilikuwa limeshazibwa tangu Julai 2015. Waliopona ni waliokuwa wamesasisha programu. Mwaka 2018 rauta za MikroTik kwa maelfu mengi zilitekwa na kutumika kuchimba sarafu za mtandaoni, na hapo pia toleo la kuziba lilikuwepo tangu Aprili. Ukurasa wa kusimamia redio usionekane kabisa kutoka intaneti, wala kutoka kwenye Wi-Fi ya wageni. Kiungo kati ya redio zako mbili kilindwe kwa WPA2 yenye AES (namna ya kuficha data isisomwe njiani). Usidanganye nchi kwenye mipangilio ili kuzima kinga ya rada, ile inayoihamisha redio yako ikikuta rada kwenye masafa hayo. Rada nyingi za hali ya hewa zinakaa 5600 hadi 5650 MHz, na Mtwara TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wana rada yao. Ukitaka kuwauzia majirani, nenda TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kwanza.

Na siku mtandao ukikata, ukiwa chini piga ping (itumie ujumbe mfupi wa majaribio uone kama inajibu) redio ya ng'ambo kabla ya kuvaa mkanda. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tatizo halikuwa kwenye mnara wa mtu yeyote.

Ukishapima urefu wa mlingoti wa upande wa Msangamkuu na umbali wake kutoka ufukweni, viweke hapa nikukokotolee antena ikae mita ngapi.