qsort haijui ndizi wala ng'ombe

Haya wadau, maswali ya safari hii karibu yote ni ya kupanga vitu kwa lugha ya programu ya C, hasa kwa qsort, fankisheni yake ya kupanga orodha, nahisi kuna mwalimu kagawa asaimenti maana yanafanana kama mapacha. Twende.

Wa Kiboriloni: "Hiyo void * ya kwenye qsort ni nini? Inajuaje nimeipa kitu gani?"

Ni anwani tu isiyosema pale kuna kitu cha aina gani, kwahiyo haijui, na ndo utamu wenyewe. We unakaa jirani na mitumba utanielewa fasta: chukulia kuli kafungwa kitambaa machoni, unamwambia rundo linaanzia wapi, vipo vingapi, kila kimoja kina baiti ngapi, halafu unampa namba ya mama mwenye mali. Kila saa anampigia, "mama nimeshika hiki na hiki, kipi kitangulie?" Mama akijibu hasi kinatangulia cha kwanza, sifuri viko sawa, chanya kinatangulia cha pili, na kuli anahamisha baiti tu, kiatu suruali kwake yote mamoja. Kuli ndo qsort, mama ndo fankisheni ya kulinganisha unayoandika wewe. Sasa kosea upana, uweke sizeof (ukubwa kwa baiti) ya pointa, yani anwani, badala ya strakcha (furushi la data) yenyewe, atakata suruali mapande mapande na kuyapanga vizuri kabisa, na kompaila (inayotafsiri kodi yako kwa mashine) imekaa kimya kama bwana harusi ukweni.

Wa Njiro: "Fankisheni yangu inarudisha a - b, miezi sita poa tu, juzi mwenye hela nyingi kwenye vikoba katokea chini ya wadaiwa."

Hahaa. Umesema yeye ana 2000000000 na mdaiwa yuko -2000000000 (hicho kikundi bado kinapokea wanachama?). Toa hapo, inakuja bilioni 4, na int (namba nzima) ya biti 32 mwisho wake 2147483647. Ikifurika C haikuahidi chochote, ila mashine nyingi zitakupa -294967296, yani tajiri ndo mdogo. Andika (a > b) - (a < b). Na mi nilishaifanya hiyo a - b kwenye kazi ya mtu, kazi ya nani sisemi.

Wa Usa River: "Nimepanga majina kwa strcmp, kompaila ikapiga kelele, nikaikasti (nikailazimisha aina) ikanyamaza, ila majina yametoka hovyo."

Ilikuwa inakwambia ukweli ukaiziba mdomo. strcmp inalinganisha maneno mawili ukiipa anwani za herufi zake, ila qsort inakupa anwani ya kilichomo kwenye arei (orodha), na kwako kilichomo ni char *, yani tayari ni anwani ya herufi, kwahiyo umeshika anwani ya anwani. Umepelekwa kwa bodaboda anayepajua nyumbani, we ukampigia shikamoo ukidhani ndo baba mkwe. Andika fankisheni yako ndogo, ndani yake strcmp(*(char *const *)x, *(char *const *)y).

Wa Majengo, Moshi: "Waliolingana maksi wamevurugika, na nilishawapanga kwa alfabeti."

qsort haikuahidi kuwaacha walivyokuwa. Hata jina limetoka kwa quicksort ya Tony Hoare ila standadi haimlazimishi mtu kuitumia. Maksi zikilingana, mama aangalie jina. Basi.

Wa Ngaramtoni: "Naweza kupanga ndizi, ng'ombe na namba za simu kwenye arei moja?"

Unaweza, hakuna wa kukuzuia, hiyo ni C. Tia kila kitu kwenye strakcha moja yenye union (nafasi moja inayobeba aina mojawapo) na lebo ya aina, upana uwe sawa. Nani atangulie ni juu yenu, Ngaramtoni mtasema ng'ombe, Marangu watasema ndizi, mi simo. Ila ukisema ng'ombe kabla ya ndizi, ndizi kabla ya simu, halafu simu kabla ya ng'ombe, usishangae kuli kaanza kupanga na meza ya jirani.