Jibu: Usiache kazi ufunge siku 40, kwanza kalipe unachodaiwa

Acha. Hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Nimesoma bandiko lako mara mbili: umeokoka miezi mitano, uko hotelini Nungwi, hasira zinakutesa, juzi umemtukana mpishi mbele ya wageni, na sasa unataka kujifungia siku 40 bila kula ili ubadilike ndani. Nimeipita njia hiyo. Nilirudi mwembamba, basi.

Mimi seremala, banda langu liko Mwanakwerekwe, huku huku Unguja. Nilikuwa namsikiliza mhubiri mmoja wa kwenye simu. Simtaji, Mungu anamjua, na namba yake ya kupokelea sadaka mimi naikumbuka mpaka leo. Alisema hasira ni roho, haitoki mpaka uache kazi ufunge kula na utoe sadaka inayouma. Nikafunga banda siku 21, na kula nikafunga. Sadaka nikatuma, laki tatu. Iliuma kweli, ila haikuniuma mimi, maana ilikuwa arubuni ya mama jirani. Kitanda cha bintiye, harusi ya Shaabani.

Wewe mgeni huku, pengine hujui: Shaabani watu wanawahi kuoza mabinti zao kabla ya Ramadhani, hakuna cha "njoo wiki ijayo". Yule mama alikuja mara tatu. Mke wangu, maskini, akitumwa kusema niko maombini. Siku ya 19 mtoto akaangusha sufuria uwani, nikamrushia kiatu. Mwili ulipungua kilo tisa, hasira haikupungua hata ratili. Bibi harusi akalala kwenye godoro la chini. Mama yake hakupiga kelele. Alisimama barazani akaniuliza, "Fundi, amana yangu umeila kwa jina la Mungu?" Afadhali angenitukana.

Nampigia mhubiri, ananijibu imani yangu ndogo. Imani ndogo! Laki tatu hakuiona ndogo.

Nikaenda kujificha kanisa kuu la Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Watalii wanapiga picha, mimi nalia kama mtoto wa chuoni. Mzee mmoja wa kanisa akaja kukaa karibu. Hakuniombea, hakunikemea pepo. Aliuliza tu, "Nani anakudai?"

Swali hilo ndilo lililonigeuza. Kasome Isaya 58: watu wanafunga huku wanagombana na kuwaonea wafanyakazi wao, halafu wanashangaa Mungu hawasikii. Nilikuwa mimi yule. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa kwenye Injili, hakuambiwa afunge. Alisema mwenyewe aliyemdhulumu atamrudishia mara nne, na wokovu ukafika nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Askari, bwana! Wewe mhudumu wa hoteli unaacha kazi ya nini?

Kufunga sikukatazi, mimi mwenyewe Kwaresima nafunga. Lakini siku 40 bila kula? Hata jirani zetu wanaofunga mwezi mzima, jua likizama wanafuturu. Nani kakudanganya?

Kitanda nilikitengeneza usiku usiku kwa pesa yangu, miezi minne. Mara nne ya Zakayo sikufika, nikaongeza meza ya kioo. Na hasira, usinicheke, ilianza kulegea humo humo, napiga randa mbao nisiyolipwa huku mtoto ananishikia taa. Haijaisha. Wiki iliyopita dereva wa daladala kanikera, nikamtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilishuka, nikamfuata dirishani nikamwomba radhi. Alidhani nataka chenji.

Kwa hiyo kabla hujakosa hata mlo mmoja: unadaiwa na nani? Pesa, radhi, zamu uliyomwachia mwenzio, lipa hiyo kwanza. Yule mpishi kesho anaingia saa ngapi? Mtangulie jikoni, kisha urudi hapa utuambie kasemaje.