Nimeua pea tatu za njumu za ngozi, we usirudie

Jumamosi iliyopita tumemaliza mechi ya maveterani, uwanja wote tope maana mvua ilipiga usiku kucha, dogo mmoja huwa anakuja kutusumbua sisi wazee akavua njumu zake, akazifungulia bomba la maji mpaka ndani, alafu akazipanga juu ya boneti ya gari, jua la saa nne lile la Dar unalijua. Nikamuuliza dogo, unajua hizo ni ngozi? Akanijibu "braza, njumu si njumu tu." Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila iliniuma kidogo, maana hivyo hivyo ndo nilivyoua pea ya kwanza, na haikuwa hata ya kwangu.

Nimekulia Tabora. Mjomba wangu alikuwa relini, jioni anachezea timu ya mtaa, namba nane. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za Mzee Ruksa, mitumba imeshaanza kumwagika, akaokota kwenye belo njumu za adidas Copa Mundial, nyeusi, zile zenye ulimi mrefu unaokunjwa kwa mbele. Kwa wasiozijua, hizi zilianza kutengenezwa 1979 na mpaka leo umbo lake ni karibu lile lile, enzi hizo mbele ngozi ya kangaruu, chini meno 12 ya moja kwa moja hayafunguliwi. Mtaani kwetu wengi walikuwa wanacheza pekupeku au na raba, kwa hiyo mwenye njumu ni mfalme, na sisi watoto tunagombania kumbebea maana ukitokea getini umeshika njumu za mchezaji hakuna anayekuuliza kiingilio.

Jumapili jioni mjomba anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, ukimsemesha hakujibu. Anagonganisha soli kwa soli, tope linadondoka mabonge mabonge, lililoganda katikati ya meno anachokoa kwa kijiti, sio kisu, kisu alikuwa hataki hata kukiona karibu. Kamba anazichomoa zote. Anachukua kipande cha kanga kuukuu, anakilowesha, anakikamua mpaka kinabaki na ubichi tu, anafuta kuanzia kisigino kwenda mbele, kwenye mishono anapitisha mswaki wa zamani. Alafu yanakuja magazeti. Anafinyanga vidonge vidogo vidogo vya gazeti anavisukuma mpaka kwenye vidole, anajaza mpaka kiatu kinarudi kwenye umbo la mguu basi, hashindilii, maana ngozi ikiwa mbichi inavutika na ukishindilia kesho njumu yako imekuwa namba kubwa. Akishakula usiku anarudi, anatoa yaliyolowa anaweka makavu. Hapo zinakaa ndani upande wa dirisha siku mbili, wala hazioni jua.

Zikishakauka ndo zinalishwa. Alikuwa anasema hivyo, ngozi ina njaa. Anachukua mafuta ya ng'ombe na nta ya nyuki, na Tabora nta si kitu cha kuhangaikia, anayeyusha pamoja kwenye kopo la maziwa, ikipoa inashika kama mafuta ya mgando. Anachota kwa kidole kiasi cha punje ya harage, anasugua mpaka inaingia, analaza, asubuhi anafuta iliyobaki juu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba Waingereza nao walikuwa na dawa ya namna hiyo hiyo, mafuta ya wanyama na nta, inaitwa dubbin, na kwenye timu zao kubwa vijana waliokuwa wanafundishwa mpira walipewa kazi ya kusafisha njumu za wakubwa kila siku. Na njumu zenyewe za zamani huko zilikuwa mabuti kweli kweli, zinapanda mpaka kifundoni, ngozi nene, puani pagumu, meno yamepigiliwa na misumari, zikinywa maji ni kama umefungwa tofali kila mguu. Hiyo dubbin haikuwa urembo, bila hiyo unacheza dakika tisini na ndoo miguuni.

Ubaya wa mafuta ya ng'ombe ni panya. Walitafuna ulimi wa kushoto usiku mmoja, fundi akaweka mwingine wa ngozi ya kahawia na mjomba akaendelea kucheza hivyo hivyo, mtaa mzima wakawa wanamuita Ulimi.

Sasa dhambi yangu. Kulikuwa na fainali ya kugombania mbuzi kesho yake, jioni ile walifanya mazoezi kwenye mvua, mjomba akaweka njumu na magazeti yake akaenda zamu ya usiku. Mimi nina kama miaka kumi, nikaona nimsaidie. Jikoni kuna jiko la mkaa limeinjikwa maharage, nikazipanga pembeni, nikachukua mpira wangu wa makaratasi nikatoka. Narudi baada ya saa nzima naona pua zimekunjuka kwenda juu kama mtumbwi, ngozi imekuwa ngumu unaigonga inalia ko ko ko. Nikajaribu kuikunja irudi, ikapasuka pale pale vidole vinapokunjia.

Asubuhi mjomba kaingia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hizi kaziweka nani hapa?"

Nikakaa kimya, na kimya ndo jibu lenyewe. Hakunipiga, angenipiga ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Mjomba, ungeziacha na maji yake. Ningezivaa zimelowa."

Hiyo sentensi ndo somo zima na imenichukua miaka kuielewa. Maji hayaui njumu ya ngozi, na tope haliui, kinachoua ni haraka ya kukausha. Ngozi ya kiatu ni ngozi ya mnyama iliyotengenezwa, ni nyuzi nyuzi zimelala na mafuta katikati ndo maana zinateleza na kiatu kinakunjika. Ikikauka taratibu nyuzi zinabaki zinateleza, ikikaushwa kwa moto au jua kali inasinyaa na kushikana, na ngozi mbichi inasinyaa kwa joto dogo kuliko ile kavu, kwa hiyo wakati ambao unatamani kuweka juani ndo wakati mbaya kuliko wote. Juu ya bati, boneti ya gari, nyuma ya friji, heya draya ya wife, yote ni lile lile jiko la maharage. Feni ni sawa, upepo hauna shida.

Pea ya pili niliua nikiwa nimeshahamia Dar, na hii niliiua kwa kosa la kinyume. Tabora hewa kavu, ukizubaa ngozi inapasuka. Pwani hewa ina maji, ukizubaa inaota. Nilitoka kwenye ndondo nimechoka, nikatupia njumu kwenye mfuko wa rambo (enzi hizo bado ruksa), nikafunga fundo, nikasahau chini ya kitanda wiki mbili za masika. Nilivyofungua nilikuta kuna ukungu wa kijani na nyeupe umetanda mpaka ndani, harufu nisiseme. Ukungu wenyewe unatoka, siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa, ufutie nje ya nyumba usije ukasambaza, alafu ukaushe kivulini. Ila mishono ilikuwa imeshaoza, mechi ya kwanza tu kidole gumba kikatoka kusalimia watu. Kwa hiyo kwa watu wa Dar, Tanga, Mombasa huko, usifungie njumu kwenye plastiki hata kwa usiku mmoja, beba kwenye mfuko wa kitambaa, na ukifika nyumbani hata kama umechoka vipi toa ile soli ya ndani na uachanishe kamba, hayo mawili tu yanachukua dakika moja.

Ya tatu inachekesha. Nilipata pea nzuri sana ya mtumba soko la Karume, karibu mpya, nikasema hizi sivai, hizi za kutunza. Nikazipaka, nikajaza karatasi, nikaziweka kabatini miaka kama sita hivi nazitoa kuwaonyesha wageni. Siku nimezivaa, dakika ya kumi soli ikaanza kumeguka kama keki, vipande vinabaki uwanjani. Ngozi juu iko safi kabisa! Nikaenda kwa fundi akaniambia bosi hapa hakuna cha kushika gundi. Kumbe soli nyingi za aina ile ya plastiki laini, poliyurethani, zinaliwa na unyevu wa hewa pole pole hata kama hazitumiki, na zikikaa tu bila kuvaliwa ndo zinaharibika kimya kimya. Kwa hiyo ukinunua mtumba wa zamani usiangalie ngozi peke yake, kunja soli kwa nguvu hapo hapo mbele ya muuzaji, bonyeza na kucha kwenye mzizi wa meno, ukiona unga au mistari ya nyufa mrudishie. Atanuna, muache anune.

Na siku hizi swali la kwanza sio unatunzaje, ni je hiyo ni ngozi kweli? Zamani jibu lilikuwa moja. Sasa hivi madukani nyingi ni ngozi bandia au zile zilizofumwa kama soksi, na hata wakubwa wamehama, Puma na Nike walitangaza 2023 kwamba wanaachana na ngozi ya kangaruu, adidas nao wakafuata 2025. Puma King, jina ambalo limebebwa na ngozi toka enzi za kina Pelé, toleo la 2023 halina ngozi ya mnyama kabisa. Wengine wanalia, mi silii sana, kangaruu ilikuwa tamu mguuni lakini ni nyembamba na inataka kulelewa kama mtoto mchanga, vijana wengi hawana muda huo na sio dhambi.

Jinsi ya kujua: tafuta lebo ndani ya ulimi au chini ya soli. Mizigo mingi inayotoka Ulaya ina vialama. Ukiona umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa, hiyo ni ngozi. Umbo hilo hilo lenye almasi katikati, ni ngozi iliyopakwa plastiki juu. Almasi peke yake ni vitu vingine, yaani bandia, na kama kuna mchoro wa wavu ni kitambaa. Lebo imefutika? Dondosha tone la maji, subiri. Ngozi isiyopakwa inanyonya taratibu na pale panakuwa peusi, bandia tone linakaa tu linakutazama.

Kama ni bandia, usihangaike na mafuta, hayaingii, yatabaki juu yanakusanya vumbi. Maji ya baridi, sabuni kidogo, kitambaa, kivulini, umemaliza. Kivulini bado iko pale pale kwa sababu ya gundi, jua linaachanisha soli iwe ngozi iwe nailoni.

Kama ni ngozi fanya alivyofanya mjomba, toa tu mafuta ya ng'ombe, panya wa Dar hawana adabu. Mi natumia losheni ya ngozi ile wanayouza kwa ajili ya siti za magari na sofa, mara moja kwa mwezi au kila zikilowa chapa chapa. Mafuta ya alizeti usiguse, yanachacha. Mafuta ya mgando sio sumu ila yananasa mchanga, na mchanga kwenye mshono ni msumeno. Kiwi ni ya kung'arisha, haishibishi. Na usizidishe, kuna jamaa yangu alipaka kila siku kwa mapenzi, ngozi ikalegea mpaka mguu unazunguka ndani ya kiatu. Njumu za rangi jaribu kwanza sehemu iliyojificha maana mafuta yanatia weusi. Sabuni ya unga ya kufulia nguo kwenye ngozi hapana, inakomba mafuta yote, na kuloweka kwenye ndoo ndo kabisa usithubutu.

Kuhusu fundi. Kuna mtindo ukinunua njumu mpya moja kwa moja unampelekea fundi azungushie nyuzi. Kwa zile za bei chee sawa, peleka siku hiyo hiyo, gundi yake huwa ya kuazima. Kwa ngozi nzuri mi nasubiri mpaka soli ianze kuachama, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Ikiachama, peleka mapema kabla mchanga haujaingia, mwambie uzi wa nailoni uliopakwa nta na apite chini karibu na soli. Mi juzi nimelipa elfu tano. Supa gluu weka mbali, ikikauka inakuwa kama kioo, ukikunja mguu mara mbili imekatika na fundi atakuja kupata tabu kuibandua.

Kitu kigumu kupata siku hizi kuliko vyote ni gazeti. Watu wote wanasoma kwenye simu, mi huwa naomba kwa mama wa maandazi pale kona, ananipa ya kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa kwa mia tano, ananiuliza kila mara unafungia nini. Majarida yale ya karatasi ya kung'aa hayanyonyi kitu usijisumbue. Na kama njumu ni nyeupe gazeti linaachia wino ndani, hapo tumia toileti pepa, ila nyumbani kwangu hiyo ilishaleta kesi kwa hiyo nunua ya kwako.