Unamuuguza mzazi nyumbani na umechoka? Maswali yenu ya wiki hii

Meseji za wiki hii karibu zote zinaongelea kitu kimoja, wazazi waliolala ndani na watoto wanaowahudumia. Nimechukua tano. Mi mwenyewe nilimuuguza mama yangu kule Tandika miaka mitatu baada ya kiharusi, kwaiyo najibu kama mtu aliyefua yale mashuka.

Tupo watoto wanne, mama kapooza upande wa kulia, anakaa kwangu Mbagala. Wenzangu kazi yao kuuliza kwenye grupu la WhatsApp "mama anaendeleaje". Nikilalamika naambiwa nina kisirani.

Dada pole, huna kisirani, umechoka. Ukisema "jamani nisaidieni" kila mtu anaitikia afu hamna anayekuja, maana hujamtaja mtu wala siku. Chukua daftari, wiki nzima andika kila unachomfanyia mama, kuanzia uji wa saa kumi na mbili asubuhi, dawa za presha, kumgeuza, pampas ngapi zimeisha, bajaji ya kwenda kliniki, mpaka ile saa nane ya usiku alipokuita. Piga picha kurasa zote weka kwenye grupu, afu gawa kazi kwa majina: wa Mwanza analipia pampas na dawa kila tarehe 1, wa Kigamboni anakuja Jumamosi asubuhi anaondoka Jumapili jioni, na usiku analala na mama yeye mwenyewe. Hiyo ya kulala usikubali ibadilishwe kwa hela. Mdogo wangu alikuwa anatuma hela vizuri tu na nilimshukuru, ila siku aliyolala na mama usiku mmoja asubuhi alinipigia hata sauti haitoki, mama kamuita mara sita. Toka siku hiyo sikumkumbusha tena kitu. Wakiendelea kukupuuza, mtafute shangazi au mjomba wanayemuogopa aitishe kikao.

Baba ana miaka 74. Jua likizama anabadilika, anachukua fimbo anasema anarudi kwao Kilosa, na anadai dada wa kazi kamuibia. Majirani wanasema karogwa.

Hajarogwa. Hizo ni dalili zinazofanana sana na dimensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na wagonjwa wengi wa namna hiyo wanavurugika zaidi jioni. Apelekwe kwa daktari apimwe. Ila kama kabadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu mpeleke leo leo, maana mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa UTI, malaria, sukari kushuka au dawa mpya aliyoanzishiwa, na wakati mwingine hata homa hana.

Nyumbani usibishane nae. Ukimwambia "baba kwenu ndo hapa" unamuongezea hasira tu, bora umuulize huko Kilosa walikuwa wanalima nini, mtembee wote mpaka getini mrudi. Washa taa kabla giza halijaingia. Mwekee namba yako ya simu kwenye mfuko wa shati. Na yule binti wa kazi tafadhali mwambie mbele ya familia nzima kwamba ni ugonjwa na hakuna anayemuona mwizi, maana anaumia kimya kimya na kesho anaweza kufunga begi lake akaondoka.

Mimi ni mtoto wa kiume, tunaishi wawili na mama Buguruni, hawezi kunyanyuka. Anakataa nimuogeshe, na mimi naona aibu.

Kaka yangu, aibu yenu wote wawili ni ya heshima, usiilazimishe. Kwanza muulize yeye anamtaka nani, mama mdogo, jirani, au mama wa mtaani mnayeweza kumlipa chochote aje asubuhi. Siku asipopatikana mtu, tumia doti ya kanga. Moja inakunjwa inatandikwa chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani, ya pili unamfunika, afu unapitisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa chini ya kanga ukiangalia pembeni, na sehemu anazofikia kwa mkono wake mwachie ajifute mwenyewe.

Kanga ya chini ndo ya kumgeuzia, unashika pindo unavuta kanga, usimvute mkono, bega la aliyepooza linaumia haraka. Mgeuze kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya kulala. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwaiyo pitisha kiganja kwenye visigino, nyonga na mwisho wa mgongo, ukikuta pamoto au pagumu asipalalie tena na usipasugue.

Ni kweli wazee wanatibiwa bure?

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa matibabu kwenye hospitali za serikali ni kwa wasio na uwezo. Anzia serikali ya mtaa ukiwa na kitambulisho chake, afu ukifika hospitali muulizie afisa ustawi wa jamii. Beba na hela kidogo, dawa ikikosekana utaambiwa ukanunue nje.

Kuna usiku naomba Mungu amchukue mama. Mimi ni mtoto mbaya?

Hapana. Na mi nimeliomba hilo, saa tisa usiku nimekaa kwenye kigoda uani na shuka lenye mkojo mapajani, afu nikaingia ndani nikamgeuza. Ulichokuwa unaomba ni mateso yaishe, yake na yako. Ila ukianza kumfokea kila siku, au mkono unataka kunyanyuka, hakikisha hawezi kuanguka kitandani afu toka nje kaa barazani mpaka moyo utulie. Na kama huli, hulali hata yeye akiwa kalala, usikae nalo, nenda hospitali umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia. Likija wazo la kujidhuru nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Niandikie tena Ijumaa uniambie nani analala na mama wikiendi hii.