Tulimwita pepo wa kalamu: je, turudie ili tumuage?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa Kitanzania hapa Guangzhou. Wenzangu wa bwenini husoma sana riwaya za kutisha za Kichina, na usiku mmoja tulifanya kama zinavyoeleza: tukamwita "bixian", pepo wa kalamu. Mama yangu alifariki mwaka huu nikashindwa kurudi kumzika, nikamuuliza kama mama amenikasirikia. Kalamu ikazungushia "ndiyo". Niliogopa nikaiachia kabla hajaagwa. Wenzangu wanasema pepo asiyeagwa humfuata mtu, kwa hiyo turudie tumuage. Ustadhi mmoja wa mtandaoni ameniambia nimeshatoka katika Uislamu, na nilipie kisomo. Nifanye nini?

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na akupe subira.

Msirudie. Kumuaga ni kumwita mara ya pili, na ni kumtii katika sharti alilowekewa na watu. Allah amesema katika Suratul Jinn, aya ya 6, kwamba walikuwapo wanaume katika watu wakijikinga kwa wanaume katika majini, wakawazidishia madhila. Hofu uliyonayo sasa ni katika hayo.

Atakayekuambia ule ulikuwa mchezo tu, mwambie ayatazame maneno yanayosemwa humo. Watu wawili hushika kalamu moja wima, vidole vimepishana, viwiko haviegemei meza, chini pana karatasi yenye ndiyo, hapana na tarakimu. Kisha husema: "Wewe ni maisha yangu yaliyopita, mimi ni maisha yako ya sasa, ukitaka kuendelea nami, chora duara." Huko ni kukiri kwamba roho huzaliwa upya katika mwili mwingine, tena ni kumwomba asiyeonekana aje. Mchezo gani una dua ndani yake?

Wala riwaya hazikulibuni jambo hili. Wachina wana ibada kongwe iitwayo fuji: fimbo yenye umbo la Y hushikwa juu ya sinia la mchanga, ikachora, mmoja akasoma na mwingine akaandika. Shen Kuo, mwanachuoni wao wa karne ya 11, ameeleza jinsi watu walivyomwita Zigu, mungu wao wa kike wa chooni, majumbani usiku wa 15 wa mwezi wao wa kwanza. Dada wa Kiislamu anayeona haya kwenda kwa mpiga ramli kwao asidhani kwamba kalamu ni kitu kingine. Katika kalamu sinia na mchanga vimeondoka, na riwaya zimekaza masharti: usimuulize alikufaje, usiachie kalamu kabla hajakubali kuondoka. Sharti katika hadithi ya kutisha huwekwa ili livunjwe, maana bila kuvunjwa hakuna hadithi. Wewe umelibeba kama hukumu ya dini.

Sasa lile "ndiyo". Mkono usioegemea hutetemeka na kuchoka. Mikono ya wawili husukumana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye. Mwaka 1853 Michael Faraday alipima meza zilizodaiwa kusukumwa na roho, akakuta ni mikono ya waliokaa, nao hawajijui. Katika chumba kile ni nani aliyekuwa akijilaumu kwa kutomzika mama yako? Mkono wake ulikuwa juu ya kalamu.

Na tuseme alikuwapo jini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Bibi Aisha, kwamba jini hunyakua neno moja la kweli na wachawi wakachanganya humo uongo mia. Majini waliomtumikia Nabii Sulayman hawakujua kwamba amekufa mpaka mdudu alipoila fimbo yake akaanguka (Saba: 14). Hawakumjua maiti aliyesimama mbele yao. Watajuaje yaliyo moyoni mwa aliye barzakhi, kati ya kufa na kufufuliwa?

Huyo ustadhi amekosea, na kuambatanisha ukafiri na malipo ni jambo baya mno. Aliyekufuru kwa hadithi ni mwenye kumwendea kuhani, yaani mpiga ramli, akamsadiki kwamba anajua ghaibu. Wewe uliuliza kwa uchungu, sasa unatetemeka kwa majuto. Ni dhambi kubwa, na mlango wake ni toba: uache, ujute, uazimie kutorudi. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kwamba aliyemuuliza mpiga ramli sala yake ya siku 40 haikubaliwi, Imamu Nawawi ameieleza kuwa ni kukosa thawabu. Faradhi yako inatimia, huna sala ya kulipa tena. Usiache sala hata moja ukidhani haina maana.

Karatasi itupe. Kila usiku soma Ayatul Kursi, kisha Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu, upulize viganjani ujipanguse mwili. Kisomo ni hicho, na hakihitaji kulipiwa. Riwaya zenyewe si haramu kwa kusomwa tu, lakini zinazokunyima usingizi ziache.

Kuhusu mazishi: kumzika maiti ni faradhi kifaya, waliokuwapo wametosha, na wewe ulikuwa mbali kwa udhuru. Muombee katika sijda, mtolee sadaka hata kidogo. Mpigie simu baba au mama mdogo, uulize kama marehemu aliacha deni la pesa, au siku za Ramadhani alizoweza kuzilipa hakuzilipa. Siku hizo unaweza kumfungia wewe, hukohuko Guangzhou.