Figo inatembea na pumzi: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya usingizi

Wadogo zangu mnaokuja kuanza kazi ya usingizi, yaani kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, huku Moshi na Arusha, najua kinachowaogopesha ni sindano ya ganzi ya mgongo na kuweka tyubu ya kupumulia kooni, sawa, ila kwenye kesi za mawe ya figo kuna kitu mi sikuambiwa na mtu. Figo inatembea. Mashine ya kupumulia (ventileta) ikiingiza pumzi, diaframu, ule msuli wa chini ya mapafu, inashuka na figo inashuka nayo, pumzi ikitoka inapanda tena, saa ingine sentimita 3 hivi, na daktari wa mkojo hapo anatafuta kupitisha sindano mgongoni iingie kwenye kichumba kidogo cha figo.

Kwa hiyo kabla hajachoma muulize, unataka pumzi nikusimamishie ikiwa imetoka au imeingia? Wengi wanataka imetoka, hasa wakichoma juu ya ubavu wa 12, maana mapafu hapo yako jirani sana. Na mkikubaliana iwe hivyohivyo kila mara, ukibadilisha katikati figo haipo tena pale alipoiona kwenye eksirei.

Nilipokuwa mgeni kama nyie nilimpandishia mama mmoja oksijeni asilimia 100, nikazima ventileta, daktari akaanza kuchoma, mara nesi akaniuliza antibayotiki iko wapi nikageuka kufungua droo. Alamu nilishainyamazisha mwenyewe. Sachuresheni, yaani kiwango cha oksijeni kwenye damu, ilikaa 99 muda mrefu tu, ndo ilivyo kwa mtu aliyejaa oksijeni, haikwambii mapema, mpaka niliposikia mlio wa monita unazama nikageuka nakuta 88. Nikawasha, kabonidioksidi ya pumzi ya kwanza ikasoma 61, iko juu mno. Mama aliamka salama, namshukuru Mungu, lakini mikono ilinitetemeka mpaka jioni.

Tangu siku hiyo nikizima ventileta mkono hautoki kwenye swichi, nahesabu sekunde kwa sauti, kumi, ishirini, thelathini, thieta nzima inasikia, ikifika 60 nasema "dokta naanza pumzi" hata kama hajamaliza. Msimwashie kimyakimya jamani! Akisikia anaiachia sindano icheze na figo, akiishikilia kwa nguvu huku figo inashuka inachana.

Kwa wale wanaovunjwa jiwe kwa leza kupitia njia ya mkojo husimamishi, unapunguza tu ujazo wa kila pumzi na kuongeza idadi kwa dakika, figo inatulia.

Kulaza kifudifudi mtafundishwa, ila tyubu isome ni sentimita ngapi kwenye meno kabla na baada ya kugeuza, halafu sikiliza pande zote mbili, yaani hapo hapana haraka. Na maji ya kuoshea figo yapashwe yafike nyuzi 37, mnajua Julai ya Arusha ilivyo, lita kumi za maji ya stoo zikipita mwilini mgonjwa anaamka anatetemeka meno yanagongana na oksijeni anaitafuna maradufu.

La mwisho, daktari akichoma juu ya ubavu we angalia shinikizo la mashine. Likianza kupanda, na sauti ya pafu upande ule ikafifia, huenda maji au hewa imeingia kifuani, mwambie hapohapo asimamishe maji, na nesi alete mrija wa kifua.