YA CHUMBANI NA ANTI: Mume akirudi anataka, mimi mwili umegoma

Wiki hii meseji zimejaa kweli, nimechukua tatu, mbili ndefu na moja fupi. Wale wa mambo ya mirathi subirini, leo ni chumbani tu. Watoto wakalale.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili nina miaka 31 naishi Mbagala. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mzigo Zambia kupitia Tunduma, anaweza kukaa wiki mbili huko akirudi anakaa siku tatu nne anaondoka tena. Mtoto wetu wa pili ana miezi mitano nanyonyesha. Anti tangu nijifungue sina hamu, yaani kabisa, akinigusa nahisi kama ananiongezea kazi, na nikikubali ili tu nisimuudhi inauma kama kuna mchanga. Yeye anasema hukuwa hivi, afu anaanza oooh kuna mtu anakuhudumia nikiwa barabarani. Safari iliyopita kaninunia siku zote mpaka kaondoka hajaaga. Somo wangu aliniambia kwenye kichen pati mwanamke hakatai, ukikataa unamfungulia mlango mwenyewe aende kwa wengine, na mchungaji naye anasema mwili wangu sio wangu tena. Kuna dada ananiuzia dawa ya kubana anasema hamu itarudi. Ninunue? Nifanyeje Anti?

JIBU: Marhaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Usinunue. Nitarudi huko, ila nianze na huo mchanga maana ndo penye mambo.

Ukiwa unanyonyesha mwili unamwaga homoni ya kutengeneza maziwa inaitwa prolaktini, na homoni ya kike, estrojeni, inashuka. Sasa estrojeni ndo inafanya huko chini kuwe laini na kuwe na ute. Ikishuka kunakauka, ngozi inakuwa nyembamba, mtu akiingia unasikia hivohivo ulivosema. Wamama waliokoma hedhi wanaijua hii hali vizuri sana na sababu ni ileile, estrojeni. Kwahiyo hujarogwa, humchukii mumeo, wala hujawa mwanamke baridi kama mtaani wanavosema. Ukipunguza kunyonyesha na hedhi ikarudi, kwa wengi panarudi penyewe taratibu. Ongeza hapo kulala masaa mawili mawili, mkubwa naye anataka uji, nguo za bebi zimelowa, afu saa tano usiku mtu anakugusa bega. Hamu itoke wapi jamani.

Lakini kuna vitu vya kuangalia. Kama ulichanika au uliongezewa njia ukashonwa, kovu linaweza kuuma miezi mingi. Kama unachoma sindano ile ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, baadhi ya wanawake inawapunguzia hamu, na njia nyingine zipo unaweza kubadilishiwa. Na kama kuna uchafu unaonuka au kukojoa kunachoma hiyo ni habari nyingine kabisa, ni maambukizi yanatibiwa. Yote haya ni kliniki. Shida yetu tunaenda ile siku ya 42, mtoto anawekwa kwenye mzani, mama anaulizwa unaendeleaje anajibu salama anakunja kanga anaondoka. Rudi, ukiulizwa unaendeleaje sema: tendo la ndoa linaniuma. Maneno manne tu. Nesi hatashangaa, wewe sio wa kwanza kwa siku hiyo.

Wakati unasubiri, famasi kuna jeli ya kulainisha, ulizia ile ya maji, sio dhambi na sio uhuni. Kama mnatumia kondomu msipake mafuta ya nazi wala Vaseline, mpira unalainika unachanika. Na hiyo dawa ya kubana ya dada wa mtaani, mara nyingi ni shabu, au ugoro, au majani hayana hata jina, inakausha pale ambapo tayari pamekauka. Inakuchubua, na penye mchubuko magonjwa yanapita kirahisi, na ukimwi pia. Halafu unaumia mara mbili eti ndo hamu imerudi!

Kingine hujauliza ila nakwambia, maana kuna wamama hamu inakata kwa hofu ya mimba tu, na hofu yenyewe ina haki. Kunyonyesha kunazuia mimba kama mambo matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Likikosekana hata moja hesabu imeharibika. Wako ana mitano, ndo unaelekea kutoka huko, kwahiyo hiyo safari ya kliniki ulizia na uzazi wa mpango.

Sasa baba watoto. Mimi simtetei kwa hiyo kauli ya nani anakuhudumia, ni kauli mbaya na ipo siku utamwambia. Ila mtazame. Yuko peke yake kwenye kabini wiki mbili, foleni ya Tunduma anaweza kulala hapohapo mpakani usiku wa pili, na muda wote huo anawaza nyumbani, kichwani kashajitengenezea picha nzima ya atakavopokelewa. Wewe huku unamsubiri pia, ila unamsubiri mtu wa kukupokea mtoto ulale. Mnakutana mlangoni kila mmoja anadai na hakuna aliyemwambia mwenzie anadai nini. Na mkiongea mnaongelea kitandani taa imezimwa mkono ushapelekwa, hapo kila neno ni kukataliwa.

Ongea nae akiwa barabarani, akiwa amepaki sio anaendesha. Mtumie hata voisi: baba nanii nakumisi, ila toka nijifungue huko chini panauma kweli, nilikuwa naona aibu kukwambia, naenda kliniki, ukirudi nataka siku ya kwanza ule uoge ushike mtoto mimi nilale, tukiamka tutakuwa sawa. Hapo umemwambia ukweli na umempa siku, na mwanaume mwenye akili akishajua kuwa mkewe anaumia mara nyingi hasira inayeyuka inabaki huruma. Na sio lazima kila mkikutana mfike mwisho. Kukumbatiana, kukandana mgongo, kucheka, kuna wanandoa wanasahau haya kabisa wanajua moja tu, kwahiyo mke anaogopa hata kukumbatiwa maana anajua bili inakuja nyuma.

Kuhusu hao walimu wako wawili. Mchungaji kakusomea nusu. Wakorintho wa Kwanza sura ya 7 mstari wa 4 unasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, NA vilevile mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe. Ni mstari huohuo, fungua Biblia yako umuoneshe mumeo kwa upole. Mstari wa tano unasema msinyimane isipokuwa mmepatana, sasa kupatana kunatokana na maongezi, hakuna mtu anapatana na mtu aliyenuna. Na somo, sijui somo gani huyo wa siku hizi anaefundishia kwenye ukumbi na maiki. Makungwi wa zamani waliosema mwanamke hakatai ndo haohao walioweka arobaini, mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mume anatandikiwa chumba kingine na ole wake achungulie. Walijua mwili wa mzazi sio wa kuchezea. Hiyo nusu wamesahau kuihamishia kichen pati.

Lingine kwa haraka. Kununa ni kununa, tunavumilia tunaongea. Ila siku akikulazimisha kwa nguvu au akikupiga hilo sio suala la hamu tena. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzie kama adhabu, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Hujasema hayo yapo, sikuwekei maneno mdomoni, nakuachia tu ujue.

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 48 niko Mwanza nina duka la spea. Kama mwaka hivi mambo hayasimami vizuri, inaanza vizuri afu inalala njiani. Waifu anaamini namalizia nje, anakagua simu, juzi kampigia mteja wangu mmoja wa kike kamtukana. Nimenunua vumbi la Kongo kwa kijana wa stendi, siku ya kwanza lilikubali kweli ila moyo ulienda mbio na kichwa kikagonga mpaka asubuhi. Pia siku hizi naamka sana usiku kukojoa na kiu haiishi, sijui ni umri. Niongeze dozi au nibadili dawa? Hospitali naona aibu, manesi wa pale mtaani wananijua wote.

JIBU: Usiongeze hata punje. Na hilo vumbi lililobaki litupe chooni kabla hujaendelea kusoma.

Kaka yangu umeandika habari ya kitandani mistari kumi, afu ile yenye uzito umeiweka mwishoni kama salamu. Kukojoa usiku na kiu isiyoisha, kwa mtu wa miaka 48, ni kwenda kupima sukari wiki hii. Sukari inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na uume unasimama kwa damu kujaa, hakuna muujiza mwingine. Mishipa ya huko ni myembamba, kama milimita 1 hadi 2, ile ya moyo ni 3 hadi 4. Kwahiyo uchafu ukianza kuziba mishipa, pembamba ndo panalia kwanza, na wapo waliopata shida hii miaka miwili mitatu kabla moyo haujasumbua. Mwili umekutumia taarifa mapema, wewe ukainyamazisha na vumbi.

Nenda asubuhi hujala kitu. Sukari ikiwa 7.0 kwenda juu bila kula, daktari atarudia kipimo kuthibitisha. Presha nayo wapime, 140 kwa 90 kwenda juu mara kwa mara ni presha. Kama tayari una dawa za presha unameza taja jina lake, baadhi zinachangia tatizo hili na zinaweza kubadilishwa, ila usiziache kwa akili yako, watu wamepooza kwa kuacha. Na watataka kukuuliza swali ambalo wewe utaona la ajabu: asubuhi ukiamka inakuwa imesimama? Jibu ukweli. Kama asubuhi inasimama vizuri na kwa mama inagoma, mara nyingi kazi iko kichwani, stresi, madeni, ugomvi. Kama hata asubuhi kimya, mwili wenyewe una jambo.

Kuhusu vumbi, sisemi kila mti shamba ni uongo. Lakini hizi poda na vidonge vya "asili tupu" maabara za nchi nyingi zikipima zinakuta humo kumechanganywa sildenafili, ndo dawa iliyo kwenye Viagra, na hakuna anayejua kaweka kiasi gani, kijana wa stendi hana mzani wa dawa. Moyo kwenda mbio na kichwa kugonga sio kwamba dawa ni kali ni nzuri. Kwa mtu anayemeza dawa za moyo za aina ya naitreti mchanganyiko huo unashusha presha ghafla na unaua. Cha kuchekesha ni kwamba sildenafili watafiti walikuwa wanaitafutia matibabu ya maumivu ya moyo, hayo mengine wakayaona kwa wanaume waliojitolea kwenye majaribio, ikaruhusiwa Marekani 1998. Kwahiyo dawa halali ipo kaka, inaandikwa na daktari baada ya kukupima moyo na presha, kwa kipimo kinachojulikana. Aibu ya manesi wa mtaani inatibika kwa nauli ya daladala, nenda hospitali ya upande wa pili wa mji.

Sasa mama. Huyo mwanamke anapigana na mchepuko ambao haupo, na wewe umemuachia apigane kwa sababu ni rahisi kuitwa malaya kuliko kusema nimeshindwa. Ndio, nimesema. Wanaume wengi mnakubali tuhuma ya nje kimyakimya maana inawapa sifa. Mwambie. Mkiwa mmekaa, chakula kimeisha, mwambie mke wangu sina mtu, mwili unanisumbua na naogopa, twende wote nikapime. Wake wengi wakisikia naogopa wanakaa upande wako hapohapo, na huyu kukagua simu kwake ni woga pia. Na kamuombe radhi yule mteja, spea atanunua kwingine huyo. Wakati matibabu yanaendelea mikono unayo, mdomo unao wa kusema maneno mazuri, usigeukie ukuta kila usiku ukajifanya umelala, yeye anasikia pumzi anajua uko macho.

SWALI: Shikamoo Anti, nimeolewa miezi miwili Tanga. Nilifundwa vizuri na somo wangu wiki nzima, kiuno, kupokea mume, kumsafisha, kila kitu. Siku niliyojaribu nilichofundishwa mume kasimama katikati kaniuliza "haya umejifunza wapi, kwa nani?" Toka hapo ana wivu wa ajabu na mimi nalala kama gogo kuogopa maswali. Sasa ananiambia niko baridi! Nifanyeje?

JIBU: Marhaba bi harusi, hahaa nisamehe nimecheka. Hao wapo wengi, anataka mke anaejua kila kitu na hajawahi kufundishwa na yeyote. Wakati familia yake inaulizia Tanga wameoa sifa hizohizo, leo anashangaa mzigo umefika.

Usiache kiuno. Ila mwambie mchana mkiwa mnacheka, haya ni ya somo, nilifundwa ndani na bibi mtu mzima kwa ajili yako, na wewe wajomba zako jandoni walikwambia nini? Muache aongee, utashangaa naye hakuambiwa kitu anaogopa kuonekana hajui. Muulize anapenda nini na kipi kimemshtua, mengine punguza, mengine mfundishe taratibu. Akishikilia mashaka yake mwalike somo chai ya jioni na maandazi, amuone bibi wa watu anavoingia na mkongojo na tasbihi yake anaulizia miwani iko wapi. Atajua umejifunza kwa nani.